Moyo Wenye Nafasi ya Mmoja

Jumatatu, 21 Julai

Nimefungua duka kama kawaida. Manyunyu tangu alfajiri, uchochoro unateleza. Herini za bibi harusi wa Kibokoni bado upande mmoja haujachomelewa. Gesi inakaribia kuisha. Juu kengele ya Nirmala ikalia, nikajua chai bado. Mungu hunywa kwanza, mimi baadaye. Ndivyo ilivyo tangu tuoane. Humuogesha yule Krishna wake, sanamu ya shaba, urefu wa kiganja, humvisha, humpa maziwa na sukari, ndipo birika linapobandikwa. Zamani nilikuwa nikimtania.

Mchana nikapanda kula. Wali, dengu, biringani. Nirmala hakukaa. Akavua bangili, akavua na mkufu wa ndoa, ule wa shanga nyeusi, akaviweka kando ya sahani yangu. Mimi ni sonara, watu huniletea vitu kama hivyo kutwa. Nikauliza, "Umekatika wapi?"

"Haukukatika, Harish. Nakurudishia."

Harish! Hajawahi kuniita kwa jina. Kwetu mke wa rika lake hamtaji mumewe. Mimi ni Baba Ketan, kwa jina la mwanetu aliye Nairobi, hata tukiwa wawili tu chumbani. Jina langu kinywani mwake lilinitisha kabla sijaelewa maneno mengine.

Akasema sijamkosea lolote. Ila moyo wake umebaki na nafasi ya mmoja tu, na huyo mmoja ni Krishna. Atakaa hapa mpaka siku ya kuzaliwa Krishna, mwezi ujao. Baada ya hapo anakwenda India, kwenye mji aliokulia Krishna, na harudi.

Akanijazia maji kwenye gilasi. Dengu ziliganda kwenye sahani.

Jumanne, 22 Julai

Sikufungua duka.

Naandika Kiswahili. Kigujarati changu ni cha mahesabu na sala. Hasira nilijifunzia vichochoroni humu, kwa Kiswahili, na hasira ndiyo niliyo nayo.

Ameuhamisha mtandiko wake. Analala chumba cha ibada, sakafuni. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nilimuuliza kama kuna mtu amemjaza maneno. Akasema hapana. Nikakosa swali la tatu.

Mkufu ule niliutengeneza mwenyewe, shanga kwa shanga. Nilikuwa kijana, vidole vimejaa malengelenge. Nimeufungia kwenye droo ya meza ya kazi. Siwezi kuutazama.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwambia Athmani. Duka lake la mafuta mazuri ya manukato linatazamana na langu. Tumekaa mlango kwa mlango tangu baba zetu. Nilidhani atacheka, na kweli alicheka. Kisha akaniona uso.

"Lo, bwana Harish. Angekukimbia kwa mwanamume, ungejua la kufanya. Sasa huyu utamshitaki kwa nani?"

Akamimina kahawa.

"Hata kwetu wako watu wa namna hiyo," akasema. "Mtu anampenda Mola mpaka anasahau kula. Mashallah. Lakini hawarudishi mkufu, yakhe."

Nimerudi dukani na aibu. Sikujua wivu huu una jina gani. Nina wivu na kipande cha shaba.

Jumapili, 27 Julai

Nimeamua kumuuliza vizuri, bila kelele. Nilimkuta anachambua mchele.

Akasema miaka yote alikuwa akiomba vitu. Nipe mtoto. Mponye mume wangu. Duka lisifungwe. Akipata anashukuru, asipopata analia. "Nilikuwa namtuma Mungu kama mtumishi wa nyumbani," alisema. "Siku moja nilikaa mbele yake nikakuta sina la kuomba. Nikaogopa. Halafu ikaja furaha ambayo sijawahi kuiona. Sasa sitaki kitu chake chochote. Namtaka yeye."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Hakusema kwa ubaya. Hakuelewa swali kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mkufu.

Jumatano, 30 Julai

Ketan amepiga simu, anapiga kelele tu. Mamake amemwomba tiketi ya kwenda bila kurudi. "Baba, huyu si mzima. Mpeleke kwa daktari, labda ni ubongo."

Tumekwenda Mbaraki kwa tuktuk. Daktari kijana, mpole. Amempima damu, macho, kumbukumbu. Amemuuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu. Vyote sawasawa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna wakati unasikia sauti?"

"Nasikia yako," Nirmala akajibu. "Ongeza kidogo, gari za nje zina kelele."

Nilikaribia kucheka. Nikakumbuka sina sababu ya kucheka. Daktari amesema mke wangu ni mzima. Nilitamani aseme ni mgonjwa. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 3 Agosti

Hekaluni. Shingo yake tupu, mikono yake mitupu. Kwetu mwanamke hutembea hivyo mumewe akishakufa. Wanawake waligeuka mmoja mmoja. Mama mmoja alinijia wakati wa kuvaa viatu, akanikagua juu mpaka chini, akasema, "Kumbe uko hai!" Wengine wakaangua kicheko.

Nirmala hakusikia, au alisikia. Alikuwa anatazama mbele, uso wa mtu anayesubiri mgeni wake stesheni na gari moshi limeshaonekana.

Nimekuwa marehemu ninayelipa nauli ya tuktuk.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya jambo.

Athmani alifunga kwenda kuswali Ijumaa, uchochoro wote kimya. Nirmala alikuwa juu ya paa anaanika nguo. Niliingia chumba cha ibada na viatu vyangu. Krishna alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo, kanzu mpya ya manjano, ya sikukuu. Nilimchukua. Nikamfunga kwa kitambaa cha kupigia msasa vidani, nikashuka, nikamweka kwenye sefu.

Kabla ya hapo mkono ulinipeleka kwenye mizani. Mazoea ya kazi. Shaba tupu, hata chembe ya dhahabu hamna. Nilisimama hapo nimemshika mungu wa mke wangu, najiuliza huyu amenishinda kwa kipi.

Sikukuu bado wiki moja. Atalia. Atanijia dukani, ataniomba. Nataka aniombe. Nataka nione ananihitaji kwa kitu.

Jioni

Kengele imelia. Saa ile ile ya siku zote.

Nilipanda ngazi polepole. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa mbele ya kiti kitupu. Akamimina maji kidogo kwenye sinia, taratibu, kama anaosha mgongo wa mtoto, na chini ya maji hapakuwa na kitu. Akapangusa kitu ambacho hakipo. Akafunga kifungo cha kanzu ambayo haipo. Akainua kijiko cha maziwa. Macho ameyafumba, machozi yanateremka, na alikuwa anatabasamu.

Nilishuka kwa kunyata nikakaa gizani dukani. Hajaniuliza lolote. Chakula kilikuja kama kawaida.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilikuwa na wateja, mama na bintiye, ndio wenyewe wa zile herini. Athmani ndiyo kwanza amepanga chupa zake mlangoni. Nirmala akashuka na sinia ya ibada. Taa ya samli inawaka, maua, sukari. Hashuki na sinia hiyo hata siku moja. Akaja mpaka nilipokaa. Akazungusha taa mbele ya uso wangu kama anavyoizungusha mbele ya Krishna. Akanitia sukari mdomoni. Kisha akapiga magoti, akaweka kipaji chake juu ya miguu yangu.

Mke wa Kihindu humgusa mumewe miguu, sikukuu. Hii haikuwa hiyo. Nilihisi pumzi yake kwenye vidole vyangu. Akasema, na si mimi aliyekuwa akimsemesha, "Kumbe umehamia huku."

Nilipiga kelele. "Nirmala! Una wazimu? Watu wanaona!"

Akainuka, akawatazama wale wateja, mama na binti, akawainamia na wao. Binti alirudi nyuma akagonga kabati. Kabla sijamshika alikuwa ameshavuka uchochoro. Athmani alikuwa amekaa kwenye kibao chake. Nirmala akamshukia miguuni.

"Astaghfirullahi!" Athmani aliruka, kibao kikaanguka, chupa ikapasuka. "Shemeji, inuka! Usinisujudie mimi! Mimi ni mja! Inuka, wallahi inuka!"

Uchochoro mzima ukanukia waridi. Watu wakatoka milangoni. Nirmala alisimama katikati, sinia mkononi, anawatazama mmoja mmoja kwa furaha, kama aliyetoka safari ndefu akakuta nyumba imejaa jamaa zake.

Nilimshika mkono nikampandisha juu. Hakubisha. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Athmani alifunga duka. Hakunitazama.

Nimefanya nini?

Jumapili, 10 Agosti

Sijalala. Ketan anakuja. Anasema atamchukua Nairobi kwa daktari mwingine, wa akili. Mtu ameshampelekea picha ya mamake amepiga magoti uchochoroni. Sikumwambia habari ya sefu.

Jumatatu, 11 Agosti

Athmani amefungua duka. Nimemsalimu, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupangusa chupa. Maisha yangu yote sijawahi kupata salamu ya kichwa kutoka kwa Athmani.

Nikavuka. Nikamwomba radhi.

"Harish, dini yako ni yako," akasema. "Sijawahi kukuuliza, wala hujawahi kuniuliza. Lakini nimesujudiwa hadharani. Mimi! Najua dhambi zangu. Usiku nimeswali mpaka magoti yameuma. Mkeo ananiona mimi Mungu? Niambie."

Sikujua. Haya ya kwangu mwenyewe, ya dini yangu, sikujua kuyajibu. Nimekwenda hekaluni tangu nimebebwa mgongoni, na sikuwa na jibu la kumpa jirani. Nikasema nitamuuliza.

Nimemuuliza. Alikuwa anakuna nazi.

"Shemeji Athmani ni Athmani," akasema. "Amezaliwa, ana kisukari, atakufa. Huyo sikumwinamia. Ndani yake yumo ambaye hakuzaliwa. Huyo huyo yumo ndani yako. Ndani yangu. Miaka yote nilidhani anakaa kwenye kile kiti, mimi nakaa hapa, na kati yetu kuna njia ya kwenda. Ijumaa kiti kilikuwa kitupu, na yeye hakupungua. Nikatafuta mahali ambapo hayupo, Harish. Nikakosa."

"Kwa hivyo wewe ni Mungu?"

Aliweka kifuu cha nazi chini.

"Nirmala si Mungu. Nirmala ana miguu inayovimba. Lakini yule anayejua kwamba miguu imevimba, nikimtazama sana, sioni mpaka kati yake na Yeye. Nilipokuwa nampenda tulikuwa wawili. Nimempenda mpaka sasa sijui nimtafute wapi yule wa pili."

Nilikaa juu ya ngazi. Nyumba yangu, jiko langu, harufu ya nazi, na mke wangu anasema maneno hayo kama anayetaja bei ya nyanya.

Kisha nikamwambia amemuumiza Athmani. Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Alishtuka. Hakulijua hilo kabisa. Alivaa ndara, akajitanda, akashuka.

Nilimfuata. Alisimama mbali na mlango wa Athmani, mikono ameifumbata.

"Nisamehe, shemeji. Heshima yangu imekuwa mzigo kwako. Sikufikiri. Sitarudia."

Athmani alikohoa. "Nimesamehe. Lakini sikiza, mama Ketan. Mola ni mmoja, hana mshirika wala mfano, na sisi sote ni waja wake. Hapo mimi sitoki."

"Usitoke," Nirmala akasema. "Ni mmoja. Mimi nimesimama hapo hapo."

"Hatujasimama pamoja," Athmani akasema, kwa upole lakini kwa mkazo.

"Basi tumesimama karibu."

Athmani akamkubalia kwa kichwa. Safari hii ilikuwa kichwa na mkono kifuani. Kisha akaniuliza mimi kama nimeshakunywa kahawa. Nilitaka kulia mbele za watu.

Jumatano, 13 Agosti

Ketan amefika. Amemkumbatia mamake, akamtazama usoni. Walikula pamoja. Nilimsikia akimweleza habari ya watoto, Nirmala anacheka. Baadaye akanijia dukani. "Baba, ni yule yule. Na si yule." Akanishika bega. Hakutaja Nairobi tena.

Nikamtuma akanunue gesi. Nikafungua sefu. Nikapanda na Krishna mkononi, ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Ni mimi niliyemchukua."

"Najua," Nirmala akasema. "Sefu yako hulia kama punda. Nilisikia niko juu ya paa."

Alijua! Tangu Ijumaa alijua. Nikakaa sakafuni, mimi mtu mzima, kwenye mkeka wake.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unamhitaji. Hujawahi kumchukua mikononi tangu tuoane. Nikasema, mwache akae naye."

Hakuna tusi lingenipiga hivyo. Nilimchukua kwa chuki. Nilimpima kama mkebe. Na yeye juu, mbele ya kiti kitupu, alikuwa akinifurahia.

Akampokea, akampangusa vumbi la msasa kwenye shavu, akamrudisha kwenye kiti. Kwa mapenzi yale yale. Nilidhani sasa hatakuwa na haja naye. Nikamuuliza. Akashangaa. "Kwani ukijua mtoto ni damu yako, utaacha kumbusu?"

Jumamosi, 16 Agosti

Siku yenyewe. Nirmala amefunga. Nyumba imejaa maua, Ketan amebeba kapu baada ya kapu. Mkoba wa safari uko mlangoni mwa chumba cha ibada. Niliuona asubuhi. Kutwa nimezunguka kuupita, kama mbwa aliyelala.

Sikumwomba abaki. Nilitaka, kila alipopita. Mara tatu nilifungua mdomo nikauliza habari ya chumvi.

Alasiri aliufungua mkoba mbele yangu. Akatoa blanketi moja. "Mpe mlinzi wa Shimanzi," akamwambia Ketan, "yule wa godauni ulikokwenda kuchukua mzigo. Ulisema analala juu ya maboksi." Kisha akatoa nguo, akazirudisha kabatini. Moja moja.

"Huendi?"

"Nilikuwa nakwenda kumtafuta," akasema. "Niende wapi sasa?"

Ketan alitazama chini. Mimi nilishika ukingo wa kitanda. Furaha ilikuja kubwa, kisha ikasimama, kwa sababu niliuona uso wake. Habaki kwa ajili yangu. Anabaki kwa sababu kwake kila mahali ni pale pale. Habari ya mkufu hakuuliza. Mtandiko haukurudi.

Ningemwacha Krishna kwenye kiti chake, leo hii Nirmala angekuwa uwanja wa ndege. Wivu wangu ndio uliombakiza, na uliyembakiza si yule niliyetaka abaki. Nalizungusha jambo hili kichwani tangu jioni. Siwezi kulishika mwanzo wala mwisho.

Jumatano, 20 Agosti

Ketan amerudi kwake. Watu wanazungumza. Wako wanaosema mke wa sonara amerukwa na akili, na wako wanaokuja kumsalimu na kukaa naye kimya. Yeye anawapa chai wote. Hamwinamii mtu tena. Nimemwona mara moja akimtazama mwokota taka aliyepita, na mikono yake ikaanza kuinuka kukutana, akaizuia, akampa mkate.

Sijazoea. Naamka nashtuka upya. Nanyoosha mkono, kitanda kipana. Nina hasira bado, ndogo, ya asubuhi asubuhi. Mkufu uko kwenye droo. Sijui niufanye nini. Si wa kuuza, na wa kuvaa hayupo.

Juzi nilimuuliza Athmani kama anadhani Nirmala yuko sawa au amepotea. "Kwa dini yangu nitakwambia amepotea," akasema. "Lakini jana nilipita mlangoni kwenu akanisalimu, nikaenda msikitini nikaswali vizuri kuliko siku nyingi. Sasa usiniulize tena, Harish."

Jumanne, 26 Agosti

Mvua kubwa mchana. Maji yamejaa uchochoroni, Athmani ameweka mbao mlangoni. Umeme umekatika, nikaacha kazi.

Nirmala alishuka na kitambaa cha kushona, akakaa kwenye kiti cha wateja karibu na mlango, panapoingia mwanga. Baada ya muda sindano ikasimama. Amesinzia. Kichwa kimeegemea kabati la vioo, mdomo wazi kidogo. Ana nywele nyeupe nyingi nyuma ya sikio ambazo sikuwahi kuziona. Mguu wa kulia umevimba. Nilisogeza kibao, nikauinua mguu wake taratibu, nikauweka juu yake. Hakuamka.

Mteja mmoja aliingia anachuruzika maji, anataka pete ipanuliwe. Nilijiwekea kidole mdomoni. Nikamwambia kwa kunong'ona arudi kesho.

Akaenda. Mvua ikaendelea. Nikakaa.